Kwa nini wakazi walilala nje ilhali nyumba zao zilikuwa zimesimama

Kulala nje baada ya tetemeko la ardhi hakukuwa woga, na wakazi hao hawastahili kulaumiwa. Nchini Uturuki, tetemeko la kwanza, lenye ukubwa wa 7.8, lilipiga saa 10:17 alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023, na saa 7:24 mchana wa siku hiyohiyo likafuata la 7.5, lililoangusha majengo ambayo la kwanza liliyaacha yamepasuka. Ndiyo maana watu wa miji ya Kahramanmaraş na Malatya walikesha ndani ya magari na mahema katika baridi kali. Ufa mwembamba wa plasta pekee huenda usiwe na hatari, lakini nguzo iliyomeguka zege hadi nondo zikaonekana isiaminiwe kabla mhandisi hajaikagua.