Maswali na Majibu: Je, Linnaeus ndiye aliyemgundua simba?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Tunaandaa lebo za picha za wanyama shuleni. Simba ameandikwa Panthera leo (Linnaeus, 1758), lakini punda milia ni Equus quagga Boddaert, 1785, bila mabano. Je, hiyo ndiyo miaka waliyogunduliwa? Na mabano niyafute ili lebo zifanane?

JIBU: Usiyafute, mwalimu. Mabano yanaonyesha kwamba spishi imehamishiwa jenasi nyingine (kundi la spishi za karibu, ndilo neno la kwanza la jina) tangu ipewe jina. Linnaeus alimwita simba Felis leo; punda milia hajatoka Equus.

Hilo la "kugunduliwa" ndilo linalonichosha. Mwaka ule ni wa kuchapishwa kwa jina, basi. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa wanyama wengi majina, hakuwahi kukanyaga Afrika. 1758 ni mwaka wa toleo la kumi la kitabu chake, Systema Naturae, ambalo wanazoolojia wamelifanya mwanzo wa kuhesabu majina ya wanyama.

Mtazame okapi. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, walimjua vizuri. Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza wa Uganda, alisikia habari zake, akatuma London vipande vya ngozi yenye milia vilivyokwisha kukatwa kuwa mikanda. Mikanda! Kwa hiyo tu, Sclater, mwanazoolojia wa London, akatangaza mwaka 1901 Equus johnstoni, eti punda milia mpya. Mwaka uleule zikafika ngozi nzima na mafuvu, na mwanazoolojia mwenzake, Lankester, akaona huyu ni jamaa wa twiga. Akamwundia jenasi Okapia. Leo lebo yake ni Okapia johnstoni (P. L. Sclater, 1901). Aliyekosea kundi yumo, aliyerekebisha hayumo, na Wambuti ndio kabisa.

Siku hizi akina Sclater wamejaa, kila mmoja na simu yake. Kapiga picha mjusi ukutani, programu imeshindwa kumtambua, tayari ni "spishi mpya" na jina la babu yake. Akitokea mtu wa kukusajilia jina kwa picha na ada, hela yako ibaki mfukoni. Jina jipya lazima lichapishwe pamoja na maelezo ya mnyama, na tangu mwaka 2000 ni lazima pia itajwe sampuli kielelezo ya spishi hiyo, yaani mnyama halisi ambaye jina limefungwa kwake. Kusajili ZooBank, daftari rasmi la majina, ni bure. Programu nayo inalinganisha picha na picha. Haimgeuzi mjusi tumbo juu kumhesabu magamba.