Kisiwa nilichopo, na kama naweza kuwavuta

Wadogo zangu, kila nikipiga simu Wete, Pemba, mnaniuliza mambo mawili: kisiwa nilichopo kikoje, na kama naweza kuwavuta mje kufanya kazi huku. Leo najibu yote mawili.

Barra iko magharibi kabisa ya Uskoti. Wakaazi hawafiki 1,500. Barabara moja inakizunguka kisiwa. Kwa gari, nusu saa tu umerudi ulikoanzia. Miti ni ya kutafuta. Kuna mawe, nyasi, kondoo na upepo. Ndege ya kutoka Glasgow inatua ufukweni, Tràigh Mhòr, maji yakipwa, kwa hiyo ratiba inafuata bahari. (Mambo ya bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, sikuhitaji kufundishwa na mtu.) Meli ya Oban, bandari ya bara, inachukua karibu saa tano, na bahari ikichafuka haitoki. Hapo dukani mkate na maziwa vinakwisha, watu wanangoja. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Wenyeji wengi ni Wakatoliki, na wakubwa wanasemezana Kigaeli. Kila mtu anajua nakaa wapi na jana nilinunua nini. Umbea upo, msidhani ni wetu peke yetu. Lakini gari likiharibika njiani, wa kwanza kupita atasimama. Msikiti wa karibu uko Stornoway, kisiwa cha Lewis, ulifunguliwa 2018. Kuufikia ni feri mbili na mwendo mrefu wa gari. Naswali chumbani. Juni jua linazama saa nne na nusu usiku, na Isha naisubiri nikisinzia.

Sasa hilo la kuwavuta. Nahudumia wazee, na mikono zaidi inatakiwa. Nyumba ndizo hazipatikani: nyingi ni za watu wa likizo, zimefungwa msimu wote wa baridi, na hata vijana wa hapa wanahama. Halafu tangu Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza mpya za uhudumu wa wazee kwa watu walio nje ya nchi. Huyo dalali anayewaambia atawapatia kibali cha kazi hiyo kwa mamilioni, anawala pesa tu. Wauguzi bado wanachukuliwa, wakifaulu mitihani ya Kiingereza na ya fani. Mwenye cheti cha uuguzi anipigie Jumapili. Asiye nacho asiuze mikarafuu ya baba.