Uliwekewa wavu wa nyonga Uingereza? Anza na faili lako

Mwanamke mwenzangu anaponipigia simu kuniuliza habari za wavu, mara nyingi huanzia kwenye fidia: atalipwa kiasi gani, wakili gani ni mzuri. Mimi humrudisha nyuma. Namuuliza kama analo faili lake la hospitali, kama anajua amewekewa kitu gani, cha kampuni gani, na lini. Madai mengi hufia hapo, kabla hakimu hajayasikia.

Kwa asiyejua: ni utepe wa plastiki ya polipropilini, uliofumwa kama chandarua, unaopitishwa ukeni ili kushikilia mrija wa mkojo kwa mwanamke anayetokwa na mkojo akikohoa, akicheka au akinyanyua mzigo. Kipande kikubwa zaidi kilitumika pale kizazi au kibofu kiliposhuka. (Si fistula hii. Fistula ni tundu, na mkojo wake hutoka hata umetulia.) Nyama huota ndani ya matundu ya wavu na kuushika, na ndivyo ulivyokusudiwa. Wapo wanawake wengi waliopona wakasahau kama wanao, na asiyeumwa hana sababu ya kukimbilia kuutoa. Kwa wengine hukunjamana, hukata ukuta wa uke, huingia kwenye kibofu, au hubana mishipa ya fahamu ya kinena.

Mimi niliwekewa nikiwa nafanya kazi ya kutunza wazee, kazi ya kuinua watu kutwa. Niliambiwa ni operesheni ndogo, naingia asubuhi na jioni niko nyumbani, na kweli jioni nilikuwa nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kitu cha maisha, wala kwamba kukitoa ni kazi nzito kuliko kukiweka. Yakaja maumivu ya kinena, U.T.I. zisizoisha, na tendo la ndoa likawa adha. Mume wangu mwenyewe alihisi kuchomwa. Nayasema wazi kwa sababu najua tulivyofundwa kuyameza. Mwambie daktari wako maneno hayohayo, hasa hilo la mume kuchomwa, maana ni dalili inayojulikana ya wavu uliotoboa ukuta wa uke. Ukisema tu "naumwa chini", utaambiwa ni umri au ni kukoma kwa hedhi, na hivyo ndivyo itakavyoandikwa. Na kinachoandikwa siku ile ndicho wakili atakachokisoma baadaye.

Ndiyo maana nawasihi: usiende na mwanao akutafsirie. Hakuna mama atakayetamka haya mbele ya kijana aliyemzaa. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi, NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ndiyo inayomlipa, na una haki ya kuomba awe mwanamke. Ukifanyiwa vipimo vya picha vya CT au MRI ukaambiwa hakuna kitu, usikate tamaa pia; plastiki hii mara nyingi haionekani humo. Uliza kuhusu ultrasound ya sehemu za chini inayofanywa na mtu aliyezoea kuutafuta wavu.

Sasa faili. Andikia hospitali iliyokufanyia operesheni, idara ya kumbukumbu, uombe nakala ya kila kitu chako. Ni bure, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Taja hasa maelezo ya operesheni, fomu ya ridhaa uliyotia saini, na stika ya kifaa yenye jina la kampuni na namba ya toleo. Usikubali muhtasari wa ukurasa mmoja. Usichelewe pia, kwa kuwa hospitali za Uingereza kwa kawaida hutunza faili la mtu mzima miaka 8 tangu alipotibiwa mara ya mwisho. Langu lilisalimika kwa sababu nilirudi palepale kwa ajili ya maambukizi.

Kisha kuna hesabu mbili za muda wa kufungua madai, zinazokimbia kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni miaka 3, inayohesabiwa tangu uumie au tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba madhara yako yanatokana na operesheni ile. Ya pili inamhusu mtengenezaji: miaka 10 tangu kifaa kilipoingizwa sokoni, na hii haijali ulijua lini. Kwangu mlango wa mtengenezaji ulikuwa umefungwa. Uliobaki ni wa hospitali, na hapo kilichonisaidia ni fomu ya ridhaa isiyotaja hatari, pamoja na barua ya daktari yenye tarehe niliyoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ni wavu. Mawakili hutegemea kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, ambapo Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza ilisema daktari lazima amweleze mgonjwa hatari za maana na njia nyingine zilizopo.

Zile habari za mamilioni zinazozunguka WhatsApp nyingi ni za kwingine. Marekani zilifunguliwa kesi zaidi ya 100,000, nyingi mbele ya Jaji Joseph Goodwin wa West Virginia, na Aprili 2019 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, iliamuru nyavu za kurekebisha viungo vilivyoshuka kupitia ukeni ziache kuuzwa. Australia, Jaji Anna Katzmann aliwapa wanawake ushindi dhidi ya Johnson & Johnson mwaka huohuo. Hukumu hizo hazikulipi wewe uliyefanyiwa operesheni mji wa Leicester. Hapa Uingereza, ripoti ya Julai 2020 ya Baroness Cumberlege, aliyeongoza uchunguzi ulioagizwa na serikali, ilikiri kwamba wanawake walipuuzwa, na Februari 2024 Kamishna wa Usalama wa Wagonjwa, Henrietta Hughes, alipendekeza malipo ya kuanzia ya pauni 20,000. Ni pendekezo. Usiache miaka yako 3 ipite ukilisubiri.

Akikupigia mtu usiyemjua akakwambia ataharakisha fidia, kata simu. Walio Marekani wawe macho zaidi: huko wapo wanawake waliosafirishwa na mawakala, wakakopeshwa, wakatolewa wavu ili madai yaonekane makubwa, wakarudi wakiwa wagonjwa zaidi.

Ukifikia kuutoa, omba rufaa kwenye kituo maalumu cha wavu; England vilianza mwaka 2021. Muulize daktari mwenyewe: atautoa wote au sehemu, ameshatoa nyavu ngapi za aina yako, ile mikia ya wavu iliyopita kinenani ataifikiaje, na mkojo ukianza kutoka tena mpango wake ni upi. Beba ile stika. Jibu la swali la tatu linategemea aina ya kifaa, na daktari asiyeijua atakuwa anakata kwa kubahatisha.