Watu walewale au makundi tofauti? Jibu kwa mtafiti wa muziki na kumbukumbu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia, na tasnifu yangu inahusu muziki na kumbukumbu. Nataka kujua kama mtu anakariri orodha ya maneno vizuri zaidi kukiwa kimya, kukiwa na muziki wa ala tupu, au kukiwa na wimbo wa Kiswahili. Nimepata washiriki 36. Msimamizi wangu anashauri niwagawe makundi matatu ya watu 12. Mimi nilitaka kila mtu apitie hali zote tatu, lakini anasema mpangilio utaharibu matokeo. Nimsikilize yeye, au niendelee na wazo langu? Na nikiendelea, nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwa swali lako, ningewapitisha washiriki wote katika hali zote tatu. Hata hivyo, msimamizi wako hajakosea kuogopa mpangilio. Sehemu kubwa ya jibu langu itahusu hofu yake, maana hapo ndipo majaribio ya vipimo vya kujirudia, yaani yanayompima mtu yuleyule katika kila hali, huharibika.

Kwanza faida yake. Watu hutofautiana mno katika kukariri. Tuseme mshiriki mmoja anakumbuka maneno 14 kukiwa kimya na 11 kukiwa na wimbo, wa pili 9 na 7, wa tatu 17 na 15. Kama kila hali ingekuwa na watu wake, tofauti hiyo ya maneno mawili matatu ingemezwa na pengo lililopo kati ya mtu wa maneno 9 na mtu wa maneno 17. Ukimlinganisha kila mmoja na nafsi yake unapata 3, 2 na 2, na huhitaji hesabu kubwa kuona kwamba wote wameelekea upande mmoja.

Chukua hali mbili tu, athari ya ukubwa wa nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), kiwango cha umuhimu wa kitakwimu cha 0.05 na uwezo wa kuigundua wa asilimia 80. Kwa makundi tofauti unahitaji watu 64 kila kundi, yaani 128. Kwa watu walewale, ikiwa alama zao katika hali hizo mbili zinahusiana kwa 0.5, wanatosha 34. Uhusiano ukifika 0.7, wanatosha takriban 21. Kwa makundi ya watu 12, athari ya ukubwa huo ungeikosa mara nyingi zaidi kuliko kuiona. Hili mwonyeshe msimamizi wako kwa tarakimu.

Sasa mpangilio. Mtu akifanya kazi ileile mara tatu anaizoea, kisha anachoka. Kwa hali tatu ipo mipangilio sita tu, kwa hiyo itumie yote: watu sita kila mpangilio, na upige kura nani apate upi. (Ungekuwa na hali nne, mipangilio ingekuwa 24, na hapo watu hutumia mraba wa Kilatini uliosawazishwa, ambamo kila herufi ni hali moja: ABDC, BCAD, CDBA, DACB. Kila hali inakaa kila nafasi mara moja, na kila hali nyingine inakaa mbele yake moja kwa moja mara moja tu.)

Huwezi kumpa mtu orodha ileile mara tatu, hivyo utahitaji orodha tatu, nazo pia zizungushwe. Mipangilio sita mara mizunguko mitatu ya orodha ni 18, na 36 inagawanyika kwa 18 bila baki: watu wawili kwa kila muungano wa mpangilio na mzunguko wa orodha. Usipofanya hivyo, na orodha nyepesi ikaangukia kwenye kimya kwa kila mshiriki, hutajua kilichowasaidia ni kimya au ni orodha.

Kutunga orodha za Kiswahili kunataka uangalifu wa peke yake. Kusawazisha idadi ya silabi na wepesi wa maneno hakutoshi, tazama na ngeli. Orodha yenye kikombe, kisu, kijiko, kiti na kitabu inaanza kwa sauti moja, na maneno yanayofanana kwa sauti huchanganyana, hasa ukidai yakumbukwe kwa mfuatano wake. Zaidi ya hapo, vitatu vya kwanza ni vyombo vya jikoni, vinavutana kimaana. Gawanya ngeli na mada kwa usawa katika orodha zote tatu.

Kuna jambo jingine la orodha ambalo mwanasaikolojia Benton Underwood alilionyesha mwaka 1957: kadiri mtu alivyokwisha kujifunza orodha nyingi maabara, ndivyo anavyosahau zaidi ile ya mwisho. Maneno ya orodha ya kwanza yatajitokeza kwenye majibu ya tatu. Yahesabu na uyaripoti, kwa kuwa ni data nzuri. Kupunguza tatizo, weka orodha ya mazoezi mwanzoni ambayo huihesabu, na mapumziko kati ya hali. Wakikubali kuja siku tatu tofauti, bora zaidi, ingawa utapoteza baadhi yao njiani.

Hayo yote yanasawazishika. Kuna kitu kimoja hakisawazishiki, nacho ndicho ningetaka ukifikirie kabla ya kingine chochote. Kuzungusha mipangilio hakufuti athari ya kutangulia, kunaigawa sawa tu. Mgawo huo unasaidia iwapo A inaiathiri B sawasawa na B inavyoiathiri A. Watafiti E. C. Poulton na P. R. Freeman walionya mwaka 1966 kwamba mara nyingi haiko hivyo. Kwako inaweza kutokea hivi: mtu aliyeanza na kimya anapata nafasi ya kubuni mbinu, labda anaunganisha maneno kuwa kisa, na mbinu hiyo anaingia nayo kwenye wimbo. Aliyeanza na wimbo hakubuni kitu, alikuwa anahangaika tu na mashairi masikioni. Wastani wako utakuwa umesawazishwa kikamilifu, na bado utakuwa umepotoka.

Dawa yake unayo tayari. Chukua hali ya kwanza tu ya kila mshiriki. Utakuta watu 12 walioanza na kimya, 12 walioanza na ala, 12 walioanza na wimbo. Hilo ndilo jaribio la msimamizi wako, limo ndani ya lako. Ni dogo, usilidai umuhimu wa kitakwimu, lakini mwelekeo wake ufanane na wa jaribio zima. Ukigeuka, chunguza muingiliano wa mpangilio na hali, na uliandike jambo hilo waziwazi.

Ningekuwa upande wake kabisa kama hali yako mojawapo ingefundisha kitu, mfano kuwapa washiriki mbinu ya kukariri. Huwezi kumfundisha mtu halafu ukamwomba asijue. Lakini usikubali kwamba makundi tofauti ni salama daima. Mwanasaikolojia Michael Birnbaum, mwaka 1999, aliuliza kundi moja namba 9 ni kubwa kiasi gani, na kundi jingine namba 221. Kwa wastani 9 ilipewa ukubwa zaidi, kwa sababu kila kundi lilikuwa na kipimo chake kichwani.

Kwenye uchambuzi, usitumie ANOVA (uchambuzi wa kulinganisha wastani za hali) ya makundi huru, kwani itatupa faida yote uliyoipata. Tumia ya vipimo vya kujirudia. Inadhani kwamba tofauti kati ya kila jozi ya hali zina mtawanyiko sawa. Kipimo cha Mauchly cha kukagua hilo ni dhaifu kwa sampuli ndogo, kwa hiyo ningetumia moja kwa moja marekebisho ya Greenhouse na Geisser, yanayorekebisha hesabu pale mtawanyiko usipokuwa sawa. Njia ninayoipenda zaidi ni modeli mchanganyiko, ambamo washiriki na maneno yote huhesabiwa kama sampuli. Mwanasaikolojia Herbert Clark alieleza mwaka 1973 kwa nini maneno nayo yahesabiwe hivyo: hutaki matokeo yanayohusu maneno yako machache tu. Programu za takwimu za SPSS na JASP zitataka mstari mmoja kwa kila mtu kwa ANOVA hiyo, wakati modeli mchanganyiko katika programu ya R inataka mstari mmoja kwa kila neno la kila mtu. Hifadhi data kwa njia hii ya pili, kwani kuibana baadaye ni rahisi na kuipanua haiwezekani kama hukuandika neno lipi lilikumbukwa.

Tangu mshiriki wa kwanza, faili liwe na safu za namba yake, mpangilio, nafasi ya hali, hali yenyewe, orodha, neno, na kama alilikumbuka. Mshiriki akijitoa katikati, atakayeziba nafasi yake apewe mpangilio uleule na orodha zilezile.