Troponini: kwa nini damu hupimwa mara mbili?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba, mwenye miaka 61, alibanwa kifua saa nne usiku. Saa tano tulikuwa hospitali. Troponini ikasoma 9, na kawaida yao mwisho ni 14. Tukaomba kurudi nyumbani, wakakataa. Saa nane wakapima tena, ikawa 46, wakasema ni mshtuko wa moyo. Je, kipimo cha kwanza kilikosea? Na mbona jirani yetu anayesafishwa figo husoma zaidi ya 40 kila mara, lakini haambiwi ana mshtuko?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nashukuru sana hawakuwaruhusu. Kipimo hakikukosea, kilifanyika mapema.

Troponini ni protini iliyo ndani ya misuli ya moyo. Ndiyo inayopokea kalisiamu ili msuli ujikunje. Kwenye damu ya mtu mwenye afya huwa kidogo mno. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli hufa na kuivujisha. Ile chache iliyokuwa huru hutangulia. Iliyo nyingi imeshikamana na nyuzi za msuli, hivyo hutoka taratibu kadiri nyuzi zinavyovunjika. Kwa hiyo saa ya kwanza namba inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kisha ikapanda, na ikabaki juu hata wiki moja au mbili.

Tunachosoma hasa ni mwendo wa namba. Kutoka 9 hadi 46 ndani ya saa tatu ni msuli unaoumia sasa hivi. Jirani yenu yuko palepale mwezi hadi mwezi, jambo la kawaida kwa wenye figo zilizochoka. Lakini namba yake isipuuzwe: inaonyesha moyo ulio hatarini, na siku akibanwa kifua naye apimwe zaidi ya mara moja.

Troponini pia haisemi msuli umeumizwa na nini. Damu iliyoganda mapafuni huipandisha, na uvimbe wa misuli ya moyo vilevile. Ndiyo maana ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hufanywa ndani ya dakika 10 za kwanza. Ikionyesha mshipa umeziba kabisa, matibabu huanza bila kusubiri majibu ya maabara.

Mlifanya vyema kukumbuka saa maumivu yalipoanza, kwani bila hiyo ile 9 ingeweza kutupoteza. Kama baba ana kisukari, safari nyingine huenda asisikie maumivu kabisa: akihema kwa shida au akitokwa jasho jembamba ghafla, mpelekeni vilevile.