Jina lako limekosewa chuoni? Anzia lilikotoka

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, wadogo zangu wa ukoo na wa mtaani hunitumia ujumbe unaofanana: "Kaka, jina langu kwenye orodha ya wahitimu limekosewa. Niende ofisi gani?" Nami huwajibu kwa swali: kwenye cheti cha kidato cha nne limeandikwaje? Hapo kimya. Mtu anajua anavyoitwa nyumbani, anajua alivyosajili laini ya simu, lakini cheti chenyewe kiko kwa mama kwenye begi la nyaraka, na hajakisoma kwa makini tangu alipokichukua shuleni.

Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Chuo kikuu hakikupi jina, kinanakili. Ukiomba udahili kwa sifa za kidato cha sita, unaingiza namba ya mtihani na mfumo unavuta taarifa zako kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Uliyepitia stashahada unaomba kwa ile namba ya uhakiki tuliyozoea kuiita AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, baada ya chuo chako cha kati kupeleka matokeo. Kwa hiyo kabla hujapanga foleni kwa Msajili, tandaza karatasi zako zote mezani kwa mpangilio wa miaka: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita au stashahada, barua ya udahili, matokeo ya muhula wa kwanza. Soma herufi moja moja. Ile karatasi ya kwanza ambayo jina linapinda ndiyo inayokuambia ofisi ya kwenda kwanza.

Mimi nilipitia stashahada. Baba yangu ni Rashidi, na ndivyo cheti changu cha kidato cha nne kinavyosema. Kwenye kumbukumbu za chuo kikuu nilikuwa mtoto wa Ramadhani. (Mzee alipopata habari aliuliza kitu kimoja tu: huyo Ramadhani analipa ada?) Nilikwenda ofisi ya udahili na hoja zangu kamili, nimejiandaa kulalamika. Mama aliyekuwa dirishani hakubishana nami. Alivuta jalada langu, akaweka karatasi ya matokeo ya stashahada kando ya nakala ya cheti cha kidato cha nne, akachukua penseli na kuzungushia duara jina la kati kwenye zote mbili. "Mwanangu, sisi tumeandika kilicholetwa. Mimi nikikubadilishia hapa leo, kesho mkaguzi akilinganisha na kule ataona watu wawili. Rudi ulikosoma stashahada."

Niliona ananizungusha. Sasa naona alinipa ushauri bora kuliko wakili niliyemlipa. Kule chuo cha kati, kilichoniokoa ni daftari la usajili la mwaka wa kwanza, nililojaza kwa mkono wangu. Rashidi ilisomeka wazi. Aliyekuja kuingiza majina kwenye kompyuta ndiye aliyeruka mstari na kuchukua jina la baba wa mwenzangu aliyenifuata. Mtaaluma alipoliona hilo hapakuwa na ubishi tena. Chuo kiliandika barua NACTVET kueleza kosa ni lao, taarifa zikarekebishwa, nikachukua uthibitisho na kurudi nao kwa yule mama. Muhula mzima uliishia humo, lakini chuo kikuu kwenyewe kazi ilikuwa ndogo, kwa sababu walikuwa na karatasi ya kuegemea.

Katikati ya safari hiyo wenzangu walinishauri njia ya mkato: nenda kwa wakili, ule kiapo kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, mambo yamekwisha. Kiapo nilikula, na kina kazi yake. Lakini kielewe kinafanya nini. Hati ya kiapo haibadilishi rekodi yoyote popote. Inaeleza tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Rekodi ikibaki na kosa, utaibeba hati hiyo kila usaili, kila benki, kila ubalozi, na siku moja utakutana na ofisa asiyeitaka. Kama kosa linarekebishika kwenye chanzo, rekebisha chanzo, kiapo kiwe kiambatisho.

Na ofisi zetu zina sababu ya kuwa na macho makali. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, mbali na kesi za cheti kimoja kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Tangu hapo, jina lisilofanana kwenye vyeti viwili linaweza kusomwa kama dalili ya cheti cha kuazima. Wewe unajua ni kosa la kuchapa. Aliye upande wa pili wa meza hajui, na hana sababu ya kukuamini kwa maneno.

Makosa yenyewe hayalingani uzito. Rashid na Rashidi, Hadija na Khadija, Mohamed na Mohammed, Zuena na Zuwena: haya yanatokana na mazoea yetu ya kuandika kwa kusikia, na hapa ndipo kiapo hufaa zaidi endapo cheti cha zamani hakiguswi tena. Jina zima kuwa jingine, kama la kwangu, ni jambo zito na linataka ushahidi wa chanzo.

Kundi linalowasumbua watu wengi zaidi, na ambalo halizungumzwi, ni la majina ambayo hayajakosewa hata kidogo ila hayajakamilika au yamepangwa vingine. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na herufi moja katikati. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kina matatu kamili. Fomu ya chuo inakuuliza jina la ukoo, na huku kwetu la tatu mara nyingi ni jina la babu, si la ukoo. Mmoja anaweka la babu, mwingine la ukoo wake wa kweli ambalo halimo kwenye cheti chochote, mwingine anaacha wazi na mfumo unamgomea. Kisha transkripti inatoka imeanza na jina la mwisho, mkato, halafu mengine, na mtoto anaamini limekosewa. Halijakosewa. Huo ni mtindo wa uandishi, usipoteze nauli kwa ajili yake. Lakini herufi moja iliyopanuliwa kuwa jina ambalo sio, hiyo fuatilia siku hiyo hiyo.

Kuna pia hadithi ya cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tulikikata tukiwa wakubwa, mara nyingi pale Bodi ya Mikopo ilipotaka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania Bara. Mzazi anakwenda kusajili, anataja jina la nyumbani, lile la bibi mzaa baba, wakati shuleni mtoto ameandikwa la kanisani. Karatasi moja halali, nyingine halali, na hazikubaliani. Kama una mdogo wako ambaye bado hajasajiliwa, nenda naye ukiwa na cheti chake cha kumaliza shule, kadi ya kliniki au ya ubatizo, na uhakikishe kinachoandikwa ndicho atakachotumia maisha yake yote. Kwa Zanzibar, mlango wa kugonga ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa anayetegemea mkopo jambo hili si la kesho: jina la chuoni lisipolingana na la maombi yaliyobebwa na namba ya mtihani wa kidato cha nne, wenzako watasaini boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, wewe ukiwa kwa ofisa mikopo unajieleza.

Sasa barua. Usiende mikono mitupu kusimulia kwa mdomo. Kwenye ofisi ya umma, kisichokuwa jaladani hakikutokea. Mwandikie Msajili wa chuo, au ofisi inayoshughulikia taaluma kama taratibu zenu zinavyoelekeza, na upitishe kwa Mkuu wa Idara kwa ile U.F.S. ya chini ya anwani, yaani "kupitia kwa". Kichwa cha barua kiseme jambo moja: "YAH: MAREKEBISHO YA JINA KWENYE KUMBUKUMBU ZA TAALUMA." Ndani weka namba ya usajili, jina lilivyo sasa, jina linavyotakiwa kuwa, na sentensi moja ya kosa lilikotokea. Hadithi ya maisha waachie. Ambatisha nakala zilizothibitishwa za cheti cha kidato cha nne na cha kuzaliwa, kiapo, kitambulisho, na barua ya taasisi iliyokosea kama ipo. Chapa nakala mbili. Moja unaiacha masjala, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Nakala hiyo ndiyo iliyonisaidia jalada langu lilipohamia ofisi nyingine na kila mtu akawa hajui liko wapi. Sikuanza upya, nilionyesha mhuri.

Kukiwa na malipo, dai kontrol namba ulipie benki au kwa simu. Pale nje ya geti hawakosekani vishoka wanaodai wana mtu wao ndani atakayebadilisha jina jioni moja kwa elfu kadhaa. Hata akiweza kweli, atakuwa amebadilisha kwenye skrini bila karatasi nyuma yake, na siku ya uhakiki utaulizwa wewe, si yeye.

Muda ndio unaowaumiza wa mwaka wa mwisho. Jina likiwa bado kwenye mfumo wa wanafunzi, kulirekebisha ni kazi ya ofisi. Matokeo yakishapita Seneti na cheti kikachapwa, unaomba chuo kichape hati rasmi upya, na hilo ni suala lingine kabisa kwa gharama na kwa subira. Vyuo vingi hutoa tangazo la kuhakiki majina kabla ya mahafali, lakini huo ni mlango wa mwisho na foleni yake unaijua. Mwaka wa kwanza, wiki mbili tatu baada ya usajili, ofisi zikiwa zimetulia, ndipo pa kulimaliza.

Kubadili jina kwa hiari ni jambo tofauti na kusahihisha, na nina msimamo ambao si wote wanaupenda. Umeolewa ukiwa mwaka wa pili, umesilimu, umebatizwa, au umechoka tu na jina la kejeli ulilopewa na shangazi: maliza shahada kwa jina la vyeti vyako. Vyuo vingi havikubali jina jipya katikati ya masomo, na hata kingekubali, ungetoka na shahada isiyofanana na kidato cha nne. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, kwa hiyo shemeji zangu, msikimbizwe na mtu. Ukiamua kubadili kweli, fanya kwa hati ya kubadili jina, ile "deed poll" inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo ndiyo daraja kati ya vyeti vya jina la zamani na kitambulisho cha jina jipya. Ihifadhi pamoja na vyeti, na omba nakala zilizothibitishwa za kutosha mapema.

Kwa uliyekwisha kuhitimu na kosa limo kwenye cheti, usikate tamaa, ila usikichezee. Usifute, usiongeze herufi kwa kalamu, hata kama ni ile "i" moja ya mwisho. Kiandikie chuo barua, cheti halisi ukiwa nacho mkononi, na ukabidhi tu pale utakapopewa maandishi ya kukipokea.

Na wewe unayekwenda kuchukua chako mwaka huu, usisaini daftari kwanza. Kipokee, soma majina yote matatu, programu, daraja na mwaka, palepale dirishani, hata walio nyuma yako wakiguna.