Msomaji Auliza: Siku Tatu Kisiwani Wasini

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Umoja, hapa Nairobi, na mwezi wa Agosti tutatimiza miaka kumi ya ndoa. Mwaka jana tulikwenda Diani, na tukiwa huko tulilipia safari ya siku moja ya kwenda Wasini. Tulichukuliwa hotelini alfajiri, tukazungushwa baharini, tukashushwa kisiwani tukiwa kundi la watu wengi, tukala kaa na wali, na kabla hata sijanawa mikono vizuri tukaambiwa mashua inaondoka. Kisiwa chenyewe sikukiona. Safari hii tungependa kwenda wenyewe, siku tatu tu kwa sababu ya kazi, na mama mkwe amekubali kukaa na watoto. Je, inawezekana kufika bila kampuni ya watalii? Agosti ni wakati mzuri? Na je, tutawaona pomboo kwa uhakika? Tarehe tunaweza kuisogeza kidogo ikibidi. *Mama Wawili, Umoja.*

JIBU: Mama Wawili, inawezekana, na hata gharama huenda ikapungua, lakini nitaanza na swali lako la pili kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote.

Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo huo huanza kuvuma kutoka kusini mnamo Aprili na hukaza katikati ya mwaka, na ukiwa katika nguvu zake bahari ya nje ya Wasini, upande wa hifadhi ya bahari ya Kisite, huwa na mawimbi yanayoweza kumfanya nahodha mwenye busara akatae kutoka. Mkondo ulio kati ya Shimoni, kijiji cha bara mnakopandia mashua, na kisiwa una nafuu, kwa kuwa kisiwa chenyewe huukinga, na wenyeji huuvuka mwaka mzima. Kwa hiyo kufika mtafika. Tatizo ni kwamba mnaweza kukaa siku zote tatu mkiitazama bahari ambayo hamwezi kuiingia. Kwa upande mwingine, kati ya Julai na Septemba ndipo nyangumi wenye nundu hupita katika pwani yetu wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na kuna wanaosafiri hadi Shimoni kwa ajili yao tu. Harusi mlifunga Agosti, lakini bahari haikuwa miongoni mwa waalikwa, kwa hiyo nawashauri mwende mwishoni mwa Septemba. Kusi huwa limeanza kulegea na nyangumi huenda wakawa bado wanapita. Kama nyangumi si lazima, basi Januari au Februari, wakati wa kaskazi, maji huwa matulivu na maangavu zaidi, ingawa joto lake si la kuchezewa.

Baada ya kuchagua mwezi, tazameni pia mwandamo, na hapa ndipo wengi wetu wa Nairobi tunapokosea. Sisi tumezoea kuuliza gari linaondoka saa ngapi. Kisiwani swali huwa ni maji yanajaa saa ngapi, na jibu lake hubadilika kila siku kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yakajaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na saa zake hugeuka, yaani asubuhi hiyo ya saa nne ndipo yanapokuwa yamejaa. Mara yangu ya kwanza kwenda huko sikuyajua haya. Nilifika asubuhi ya bamvua, mashua ikagusa mchanga mbali na ufuo, na abiria tukateremka na kutembea majini hadi magotini, mimi nikiwa na begi kichwani na viatu vya ofisini mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi akishona jarife aliniuliza kwa upole kama Nairobi hakuna mwezi.

Kwa siku tatu zenu, maji mafu yana raha ya kuvuka bila taabu, ila mimi ningechagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Mtapata maji yaliyopwa mchana wa kutembea ufuoni, na usiku mtapata mbalamwezi.

Kuhusu njia, pandeni treni ya Madaraka ya saa nne usiku siku ya Alhamisi kutoka kituo cha Syokimau. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo kwa watu wawili, kwenda na kurudi, hesabuni 6,000. Kateni tiketi mapema, kwa sababu treni za mwisho wa wiki hujaa. Mtafika Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya alfajiri. Msikubali kuharakishwa na madereva wa teksi, ngojeni kupambazuke, kisha mpande matatu hadi mjini na mvuke Likoni kwa feri, ambayo kwa mtembea kwa miguu haina malipo. Kutoka Likoni hadi Shimoni ni takriban kilomita 75 kwa barabara ya Lunga Lunga. Msipopata gari la moja kwa moja, shukeni kwenye njia panda ya Shimoni na mmalizie kwa bodaboda. Anayetaka kuepuka yote haya anaweza kupanda ndege ndogo kutoka Wilson hadi Ukunda, lakini atakuwa amelipia saa chache kwa fedha ambazo zingemlaza kisiwani wiki nzima.

Shimoni msiipite mbio. Jina lake limetokana na mapango ya matumbawe yaliyo hapo, na katika pango kubwa, ambalo sasa husimamiwa na wanakijiji, watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Nendeni na mwongozaji wa hapohapo, mshuke ndani, na mjipe muda. Gatini mtakuta mashua za wenyeji zinazovusha abiria pamoja na mchele, saruji na magodoro. Pandeni hizo. Kuna wanaokuja kuwakuta wageni kwa haraka wakiwataka wakodi mashua nzima. Hilo si lazima isipokuwa mnapokwenda Kisite.

Wasini kina urefu wa takriban kilomita tano na upana wa kilomita moja, na hakina gari hata moja. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki, na kati yao kuna njia ya miguu inayopita vichakani juu ya mawe makali ya matumbawe. Ikiwa mnataka kukiona kisiwa ambacho mwaka jana hamkukiona, itembeeni njia hiyo asubuhi, mkiwa na viatu vyenye soli ngumu, kisha mrudi kwa mashua. Watalii wa siku moja huondoka mapema alasiri, na hapo ndipo kijiji hurudi kuwa cha wenyewe: watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, wanaume wanakaa barazani, na Kiswahili mtakachokisikia ni Kivumba, lahaja ya Wavumba ambao masultani wao waliwahi kutawala sehemu hii ya pwani. Msikilizeni muuza samaki akizungumza na jirani yake. Mtaelewa sehemu kubwa, na sehemu mtakayoikosa itawafanya mtabasamu.

Bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya kijiji husimamiwa na kikundi cha akina mama, waliojenga daraja la mbao linalopita kati ya miamba ya kale na mikoko. Maji yakipwa miamba husimama mikavu kama magofu. Wakati wa bamvua bahari hurudi na kuipitia chini ya miguu yenu. Ziko nyakati mbili za kuiona, basi, na mkilala hapo mtaziona zote mbili kwa siku moja.

Sasa pomboo. Uhakika haupo, dada yangu, na nahodha anayekuahidi uhakika mwogope, kwa maana huyo ndiye atakayewakimbiza pomboo kwa injini hadi wazame. Hata hivyo, pomboo huishi katika maji hayo mwaka mzima, kwa hiyo bahati iko upande wenu. Hifadhi ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na pamoja na hifadhi jirani ya Mpunguti husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo lipeni mkiwa bado Nairobi na mbebe vitambulisho ili mtozwe kiwango cha raia. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Bebeni chupa za kudumu. Makombe na matumbawe yaacheni yalipo, hata yale yanayoonekana kama yametupwa.

Neno kuhusu maji ya kunywa na kuoga. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe, hakina mto, na visima vyake vina chumvi, ndiyo maana watu hukinga mvua kwenye majabia. Katika nyumba ya wageni mtapewa ndoo na kata. Kuogea ndoo mbili ni ubadhirifu, hata kama umelipa.

Mwisho, mavazi. Kisiwa ni cha Waislamu. Leso kiunoni na bega lililofunikwa vinatosha kijijini, na nguo za kuogelea zibaki mashuani. Pombe msibebe. Siku yenu ya kwanza itakuwa Ijumaa, kwa hiyo mkifika adhuhuri na kukuta ufuo hauna mtu, wako msikitini. Ketini kivulini mngoje. Jumapili ondokeni asubuhi bila kusubiri dakika ya mwisho, hata kama treni yenu ni ya usiku.

SWALI: Mke wangu anataka sana twende kisiwani lakini mimi siwezi kuogelea, na hata kwenye feri ya Likoni kichwa hunizunguka. Nimwambie ukweli au nivumilie? *Mwoga wa Maji, Kasarani.*

JIBU: Mwambie. Atajua tu mkishaingia mashuani, na wakati huo utakuwa umechelewa kubembelezwa.

Kutojua kuogelea hakukuzuii kuvuka. Kinachokuhusu ni jaketi la kuokolea maisha: usiingie kabla hujalivaa na kulifunga, na usikubali lile lililowekwa chini ya benchi "kwa dharura". Ukiambiwa yameisha, ngoja mashua nyingine. Kichwa kuzunguka kuna tiba yake katika duka lolote la dawa. Mwombe mfamasia vidonge vya kichefuchefu cha safari na umeze mapema kabla ya kuondoka, si mawimbi yanapoanza. Kula kidogo, kwa kuwa tumbo tupu ni baya kama lililojaa mbaazi na mahamri. Keti katikati ya mashua au nyuma kidogo, mbali na moshi wa injini, utazame nchi kavu ya mbali, na simu uifungie mfukoni. Safari ya Shimoni hadi Wasini ni fupi sana. Kisite waache waende wenyewe, wewe ubaki barazani na kahawa. Hakuna atakayekucheka isipokuwa watoto.

SWALI: Kila gazeti likitaja visiwa linatupeleka pwani. Sisi tuliozaliwa upande wa ziwa hatuna visiwa? *Msomaji, Kawangware.*

JIBU: Mnavyo, na lawama nimeipokea. Rusinga nitakiruka kwa sababu kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, na kisiwa unachokifikia kwa matatu kimepoteza nusu ya utamu wake, ingawa kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa hapa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, linatosha kumsimamisha mpita njia.

Nenda Mfangano. Ni kisiwa cha Wasuba katika Kaunti ya Homa Bay, chenye mlima unaoinuka moja kwa moja kutoka ziwani, na hufikiwa kwa mashua kutoka Mbita. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya kale ya duara nyekundu na nyeupe, ambayo wenyeji kwa muda mrefu waliiheshimu kama mahali pa kuombea mvua. Kabla ya kuipanda pita kwenye makumbusho ya jamii ya Abasuba ukapate mwongozaji, maana njia haina vibao. Ziwani usioge karibu na majani ya ufuoni, kwa kuwa kichocho kipo na hakibagui mgeni wala mzaliwa. Na kama ilivyo pwani, upepo wa ziwa huamka mchana. Uliza gatini Mbita mashua ya asubuhi inaondoka lini, kisha uwe hapo kabla yake, kwa sababu ikijaa huondoka.